Sehemu ya Mnyama wa Mwituni



Kiangazi kinaelekea ukingoni. Kutoka Kasongo hadi Kabambare, na katika vijiji vyetu vyote vya Wamaza, moshi umetanda juu ya mashamba mapya. Waliofyeka mapema wamekwisha kuchoma, waliochelewa wanatazama mawingu kwa wasiwasi, na mvua ya kwanza ikishika tu, mpunga na mahindi vitaingia ardhini. Kwa juma la namna hii nimechagua maneno ambayo huwa tunayapita haraka tukisoma kitabu cha Kutoka, kwa sababu yamebanwa kati ya sheria za mahakama na sheria za sikukuu na hayana muujiza wowote ndani yake. Ni sura ya 23, aya ya 10 na ya 11.

Sheria yenyewe ni fupi. Mwisraeli atapanda na kuvuna miaka sita, na mwaka wa saba ataiacha ardhi ipumzike. Yatakayojiotea mwaka huo, maskini wa watu wake wayale. Watakayoyabakiza maskini, wayale wanyama wa mwituni. Kwa mizabibu na mizeituni atafanya vivyo hivyo.

Wanyama wa mwituni! Maskini wa aya hii wamehubiriwa sana, na ni haki yao. Huyu wa mwisho mahubiri mengi hayamfikii, muda unakuwa umekwisha. Lakini tazameni jinsi alivyoandikwa. Sheria haisemi kwamba avumiliwe akipita. Inamtengea fungu lake, na Walawi sura ya 25 inarudia jambo lilelile. Anakula baada ya mwenye shamba na baada ya maskini, lakini yumo katika hesabu ya walaji. Tena fungu lake halimngoji porini, mbali na watu. Limo ndani ya shamba la mtu, penye jasho la mtu.

Sisi tukisikia habari za kulinda viumbe, fikira zetu hukimbilia mbali. Hukimbilia ng'ambo ya Lualaba, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Lomami iliyotangazwa mwaka 2016, anakoishi lesula, yule kima mwenye macho ya mtu ambaye wataalamu walimpa jina lao mwaka 2012 tu, ingawa wawindaji wa huko walimjua tangu zamani. Au hukimbilia mapori ya Luama. Desemba 2022 mataifa yalikutana Montreal, Kanada, yakaahidi kulinda asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari ifikapo mwaka 2030. Ahadi hiyo ni njema na tuiombee itimizwe. Mimi lakini nawaza zaidi zile asilimia 70 zinazobaki, kwa maana ndimo tunamolima, tunamozaa na tunamozikana.

Turudi basi shambani, tuangalie desturi tuliyoikuta kwa wazazi. Mtu alifyeka kipande cha msitu, akachoma, akapanda mpunga na mahindi mwaka wa kwanza. Baadaye ikaingia mihogo, na karanga katikati yake, na ndizi pembeni. Mchikichi uliojiotea haukuguswa, nao ulisimama katikati ya mpunga kama mwenye nyumba. Mihogo ya mwisho ikishang'olewa, ardhi ililazwa miaka kumi, kumi na mitano, pengine zaidi. Katika miaka hiyo mizizi ya miti ilichota rutuba chini kabisa, ambako mizizi ya mpunga haifiki, na majani yakaidondosha juu. Kivuli kiliua magugu. Mwenye shamba aliporudi alikuta udongo mwingine kabisa.

Na ardhi hiyo iliyolala haikuwa tupu. Ndezi walizaana humo. Uyoga uliota juu ya vichuguu baada ya mvua, nyuki walijenga katika mashina yaliyooza, viwavi wanaoliwa walipatikana katika majira yao, na wenye kujua dawa walijua mti gani uko kwenye mahame ya nani. Nawaomba mfikirie ni nani hasa aliyeingia humo kila siku. Ni mjane asiye na mtu wa kumfyekea. Ni mkimbizi aliyefika jana. Ni mtoto aliyetumwa kuni. Hakuna aliyeomba ruhusa, kwa maana mahame hayakuhesabiwa kuwa na mali ya kuibiwa. Maskini walikula humo, na walichobakiza kikaliwa na wanyama. Mstari kwa mstari, ndiyo sheria ya Musa, ikitekelezwa kwenye bonde la Lualaba na watu ambao hakuna aliyewasomea Torati.

Wataalamu wa Kibelgiji walichukua muda kuiona hekima hiyo. Taasisi yao ya utafiti wa kilimo, INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933 na kuwa na kituo chake kikuu Yangambi, mwishowe ilijenga mpango wake wa mashamba ya wanavijiji juu ya kulaza ardhi. Waliligawa eneo katika mikanda mirefu, ukanda unaolimwa kando ya ukanda wa msitu, ili mbegu za miti zisiwe na safari ndefu ya kurudi. Walinyoosha kwa kamba jambo ambalo wazee walilifanya kwa macho.

Ila kabla ya kujifunza walikuwa wamekwisha kuharibu, na uharibifu ulianzia karibu nasi. Baadhi ya majaribio ya mwanzo ya pamba nchini Kongo yalifanyika hapa Maniema, Nyangwe, kabla kidogo ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1917 ikatolewa amri ya kulima mazao ya lazima. Mwaka 1933 lazima hiyo ikawekwa siku 60 kwa mwaka, na mwaka 1942, wakati wa vita vya pili, ikafikishwa siku 120. Shamba la pamba lilitakiwa liwe jeupe, lenye zao moja, lililonyooka ili mkaguzi alione akiwa barabarani. Siku 120 za mtu zikienda kwenye pamba, mihogo na karanga za nyumbani hupata mabaki ya nguvu zake. Nalitaja hili kwa sababu tumezoea kusikia kwamba mkulima wa kijijini ndiye adui wa viumbe kwa ujinga wake. Historia ya Maniema inasema vingine. Mchanganyiko wa mashamba yetu ulipovunjwa mara ya kwanza, ulivunjwa kwa amri iliyopigwa mhuri.

Leo hakuna mkaguzi wa pamba. Kuna hofu. Makundi yenye silaha yamewafanya wengi waache mashamba ya mbali na kubanana kando ya barabara, wakirudia kulima vipande vilevile baada ya miaka mitatu, wengine miwili. Ardhi isiyopata usingizi haioti miti. Inaota motomoto, yale majani makali yanayorudi kila yanapochomwa, na moto wake huvuka mipaka na kula mahame ya jirani. Vijana nao wamekwenda kuchimba dhahabu, huko Salamabila na kwingineko, na mtu anayesubiri bahati ya leo hapandi mti. Siwahukumu. Natamani tu tujue kinachopotea tukiwa bado tunakiona.

Ninyi mnaoishi kwa mihogo na sombe, sikilizeni habari hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, pande za Kinshasa, alionekana mdudu mdogo aliyejifunika unga mweupe. Ni kidung'ata wa mhogo. Alikuwa ametoka Amerika ya Kusini, ilikotoka mihogo yenyewe karne kadhaa nyuma, na huku hakumkuta adui hata mmoja. Alinyonya vichwa vya mihogo hadi majani yakajikunja. Watu wakakosa sombe, kisha wakakosa vipando vya mwaka unaofuata. Katika muda wa miaka michache alikuwa ameenea nchi nyingi za Afrika zinazolima mihogo, na ilihofiwa kwamba watu milioni mia kadhaa watapoteza chakula chao cha kila siku. Dawa za kupuliza hazikuwa jibu. Mkulima wa mihogo angezinunua kwa fedha gani?

Watafiti wa taasisi ya kimataifa ya Ibadan, Nigeria, wakiongozwa na Mswisi Hans Herren, wakauliza swali la busara: huko alikotoka mdudu huyu, ni nani anayemzuia? Alitafutwa nchi kwa nchi hadi mwaka 1981 akapatikana Paraguay, na pamoja naye akapatikana nyigu mdogo kuliko punje ya mchele. Nyigu huyu hutaga yai ndani ya kidung'ata, na mtoto wake akianguliwa humla mwenyeji wake kutoka ndani. Alipimwa kwanza, asije akawa balaa jingine, kisha akaachiliwa Nigeria mwaka huohuo, na katika miaka iliyofuata akapelekwa nchi baada ya nchi, mara nyingine kwa kumwagwa kutoka ndegeni. Mihogo ikapona. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Nyigu hakupewa kitu.

Mlo wetu wa jioni basi unamtegemea kiumbe aliyekaa miaka yote kwenye vichaka vya Paraguay bila mtu kumthamini. Kama mwenye shamba mmoja huko angesafisha kila kichaka ili shamba lake lipendeze, tungekuwa wapi? Ni nani katika baraza lolote la dunia angempigia kura nyigu asiyeonekana? Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, anasikitika kwamba kwa sababu yetu maelfu ya viumbe hawatamtukuza tena Mungu kwa kuwapo kwao, na akizitaja sehemu za dunia zenye utajiri mkubwa wa uhai, bonde la Kongo limo. Ndiye pia aliyeliwekea Kanisa Katoliki siku ya kuombea utunzaji wa kazi ya uumbaji, tarehe 1 Septemba, inayofungua majuma ya sala hadi sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, tarehe 4 Oktoba. Majuma hayo yanaangukia palepale tunaposhika jembe.

Nikifika hapa namsikia mama anayelima kando ya msitu akiguna. Ana haki ya kuguna. Nguruwe-mwitu huligeuza shamba la mihogo kwa usiku mmoja. Nyani huja mchana wakiona mlinzi ni mtoto. Ndege huushukia mpunga unapoanza kutia maziwa, na anayewafukuza ni mwanafunzi wa darasa la tatu aliyeachishwa shule majuma kadhaa ili apige debe na kurusha mawe. Kumwambia mama huyo awapende wanyama ni rahisi kwa mtu anayekula mchele wa kununua, na mapadri wengi tumo katika kundi hilo.

Musa hakumwambia hivyo. Sheria yake ina kipimo. Mwenye shamba anavuna miaka sita kamili, wala hakatazwi kumfukuza mharibifu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamkuta mtu njiani ameona kiota, ndege mama amelalia makinda au mayai. Anaruhusiwa kuchukua makinda, mama lazima amwache aende zake. Mungu anajua kwamba mtu lazima ale. Anachokataza ni kula hadi chanzo. Pimeni kwa sheria hiyo biashara ya kasuku wa kijivu, anayenaswa kwa ulimbo, akiwa mzima, akiwa tayari kuzaa, na kubanwa na wenzake katika vizimba vya safari ambamo wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliotolewa porini imepigwa marufuku tangu mwaka 2017. Wapo bado wanaoifanya. Kasuku hula ngazi kwenye michikichi yetu, ni kweli, na kelele zake zinachosha, lakini hakuna familia iliyowahi kufa njaa kwa sababu yake.

Na bundi je? Hapa nasema kama mchungaji wenu, bila kuzungukazunguka. Mnamuua bundi kwa kushuku kwamba ametumwa na mchawi, kisha mnakuja kuniomba nibariki ghala lililovamiwa na panya. Bundi anaishi kwa kula panya. Mkristu aliyebatizwa hana sababu ya kumwogopa ndege.

Kuna neno jingine katika Walawi, sura ya 19, kwamba mvunaji asivune hadi pembe za mwisho za shamba lake, amwachie maskini na mgeni. Tunajua mambo makubwa yaliyotokea kwenye pembe hizo. Rutu, mjane, mgeni kutoka Moabu, aliingia kuokota masazo katika shamba la Boazi, na Boazi akawaambia vijana wake wamwangushie masuke kwa makusudi. Wakaoana. Daudi ni kitukuu chao, na kutoka kwa Daudi ukoo unashuka hadi Betlehemu. Kama Boazi angelima na kuvuna hadi kwenye mstari wa mwisho, Rutu angepita njia.

Pembe za mashamba yetu ziko wapi? Nyingi ziko kando ya vijito. Ukilima hadi ukingo wa maji, mvua kubwa hubeba udongo, na kijito kilichokuwa na samaki huwa mfereji wa tope. Ukiacha ukanda wa miti hapo, ndimo nyuki, ndimo vyura na mijusi wanaokula wadudu, ndimo njia ya mnyama kupita kutoka kipande cha msitu hadi kingine bila kukanyaga karanga za mtu. Pembe nyingine ni kichuguu kilicho katikati ya shamba, na mchikichi wa zamani usiozaa sana. Nyingine haionekani kwa macho: ni aina za mbegu. Mama mwenye aina tano za mihogo katika shamba moja, michungu na mitamu, ya haraka na ya kukaa, si mshamba. Ugonjwa wa batobato ukiingia hauzikamati zote sawasawa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Chakula na Kilimo lilisema mwaka 2019 kwamba kati ya mimea kama 6,000 inayolimwa duniani kwa chakula, tisa tu inatoa theluthi mbili ya mazao yote. Mpunga, mahindi, mihogo, michikichi na miwa imo katika hiyo tisa. Yaani karibu kila tunachokipanda. Lakini tusikidharau kitu kidogo kinachoota pembeni.

Hata mpunga wenyewe ni mgeni kwetu. Ulikuja na wafanyabiashara wa pwani karne ya 19, pamoja na miembe, wakati Kasongo ilipokuwa mji wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na pamoja na minyororo pia. Msafiri Mskoti David Livingstone alikaa Kabambare miezi mingi akiugua vidonda vya miguu, kati ya mwaka 1869 na 1871, akaandika habari za sokwe waliowindwa jirani na vijiji. Leo, ni watoto wangapi wa Kabambare waliowahi kusikia sauti ya sokwe?

Ndugu zetu Waislamu, ambao tunapakana nao mashamba na kuoana nao, wana mafundisho ya Mtume wao kwamba mtu akipanda mti au mbegu, kisha akala humo mwanadamu, ndege au mnyama, inaandikwa kwake kuwa sadaka. Nimeyataja kwa makusudi. Kijito kinachopita kwetu hakijui nani anasali Ijumaa na nani Jumapili, na moto wa mwezi wa nane hauulizi. Kama kuna kazi moja ambayo padri na imamu wanaweza kuwaitia watu wao pamoja bila mtu kunung'unika, ni hii ya mipaka ya moto na kingo za maji.

Sheria ya nchi nayo inatupa nafasi tusiyoitumia. Amri ya serikali ya Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake wa kimila utambuliwe kuwa msitu wa jamii, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha miaka. Inahitaji mikutano, ramani na saini za machifu, na uvumilivu mwingi ofisini. Wanaosoma Kifaransa katika kila shirika letu la Kikristu wawasaidie wazee kuisoma yote hadi mwisho, wasije wakauziwa na wajanja jambo ambalo ni haki yao.

Kuhusu shamba la parokia: mwaka huu ukanda wa hatua ishirini kando ya kijito hautafyekwa, na kipande cha juu kilicholimwa mfululizo kitalazwa. Kuni, uyoga na mboga humo ni za yeyote mwenye shida. Kukata mti mzima hapana. Sehemu iliyobaki itapandwa mpunga, na ndege watakuja kama kawaida yao. Kwa hiyo makatekista wanaandaa zamu za watu wazima kulinda mpunga, mashirika kwa kupokezana, kuanzia alfajiri hadi watoto watakapotoka shule, na zamu hizo zitayahusu pia mashamba ya wajane walio jirani. Majina yaletwe kabla ya Jumamosi. Jumamosi yenyewe tunalima njia ya kuzuia moto upande wa barabara. Kila mmoja aje na jembe lake, na atakayeweza aje na maji ya kunywa.